Bunduki ya Kuwindia Musi

Protus Wanyonyi aliendesha gari la Abu Faris kwa miaka minne, na katika miaka hiyo yote hakuna mtu wa nyumba ile aliyemwuliza alikuwa nani kabla hajawa dereva. Siku alipoulizwa, aliulizwa kwa mzaha.

Ilikuwa mwezi wa Julai, ndani ya duka la bunduki za kuwindia huko Riyadh, mbali na nyumba yao ya Jeddah. Abu Faris, mfanyabiashara wa vigae mwenye umri wa miaka sitini na mbili, alikuwa amealikwa Uswidi na Mzungu aliyemuuzia mashine za kiwanda chake. Mwaliko ulikuwa wa Oktoba, kwenda kuwinda musi. Musi ni mnyama wa misitu ya baridi, mrefu kuliko ng'ombe, mwenye pua nene na pembe zilizopanuka kama viganja vya mikono. Abu Faris hakuwahi kumwona ila kwenye simu. Alikuwa amewinda sungura na ndege jangwani tangu ujana wake, lakini mnyama wa kilo mia tano hakuwahi kumlenga.

Muuzaji alikuwa ameshamwekea mezani bunduki nzito ya kaliba, yaani upana wa risasi, ya 338 magnum. Risasi zake zilikuwa ndefu kama kidole cha kati.

"Mnyama mkubwa anataka kitu kikubwa," muuzaji alisema. "Hii hata ukimgusa tu, anaanguka."

Abu Faris aliinyanyua, akaigeuza, akafurahia uzito wake. Mwanawe Faris, kijana wa miaka ishirini na minane, alikuwa anampiga picha. Protus alisimama nyuma yao akiwa ameshika chupa ya kahawa, kwa sababu ndiyo kazi aliyopewa walipoingia. Abu Faris akageuka akamtazama, akacheka.

"Protus, si uliniambia siku ile tulipokwenda kukata ikama, kibali chako cha ukaazi, kwamba ulikuwa askari wa wanyama kwenu Kenya? Ungekuwa wewe, ungechukua ipi?"

Protus aliweka chupa chini. Alikuwa askari wa hifadhi moja ya Laikipia kwa miaka kumi na minne. Alijua swali lile ni utani, lakini hakuweza kulijibu kwa utani.

"Baba, hiyo ningeiacha," alisema. "Huyo mnyama nimemsoma. Uzito wake ni kama wa pofu wetu jike, yule swala mkubwa. Ngozi yake si ya nyati na hana hasira za nyati. Anachohitaji ni risasi moja nzuri kwenye mapafu, nyuma ya bega. Bunduki ya 30-06 inatosha. Hata 308 inatosha, ukiweka risasi nzito ya ncha laini, ile inayofunguka ikiingia ndani. Wenyeji wa huko wengi wanatumia ndogo kuliko hizo."

"Ndogo," Abu Faris alirudia.

"Ile utakayoipiga bila kuiogopa, baba. Hii itakupiga teke begani. Na bega lenyewe ni hilo la kulia."

Bega la kulia la Abu Faris lilikuwa limepasuliwa mwaka juzi. Protus ndiye aliyekuwa akimpeleka mazoezi hospitalini mara tatu kwa wiki, na mpaka siku ile ndiye aliyemvutia mkanda wa gari kwa sababu mkono haukufika nyuma vizuri. Jambo hilo halikuzungumzwa mbele za watu. Protus alitambua amekosea pale uso wa bosi ulipobadilika.

Muuzaji aliona nafasi yake. "Dereva wako anataka ukamwinde musi kwa kiberiti," alisema.

Faris alicheka sana. Abu Faris naye akacheka, kwa nguvu kuliko mwanawe, kisha akaweka kiganja juu ya ile 338.

"Hii. Funga. Na wewe Protus, yalla, kalete gari."

Protus alitoka. Joto la nje lilimpiga usoni, lakini aliyekuwa akiwaka ni yeye. Aliingia ndani ya gari, akawasha injini. Kudharauliwa alishazoea, mtu hafanyi kazi ya kuendesha watu miaka minne bila kuzoea. Kilichomchoma ni kwamba aliulizwa kitu anachokijua kuliko wote waliokuwa mle dukani, akajibu kweli, na kweli yake ikachekwa na mtu ambaye kazi yake ni kuuza.

Usiku ule na kesho yake alimwambia bosi tena, mara mbili, wakiwa peke yao garini. Mara ya kwanza Abu Faris aliongeza sauti ya redio. Mara ya pili alisema, "Halas, yatosha, Protus. Wewe tazama barabara."

Alhamisi alfajiri, kabla jua halijakaza, walikwenda kwenye uwanja wa shabaha nje ya mji. Mgeni haruhusiwi kushika silaha pale, kwa hiyo Protus alibeba maji na viti tu. Faris ndiye aliyejaza risasi. Kulikuwa na mwalimu wa uwanja, mtu mkimya aliyetembea nyuma ya wapiga shabaha bila kusema neno mpaka aulizwe.

Risasi ya kwanza ilimtosha Protus kujua tatizo. Abu Faris alikuwa ameweka jicho karibu mno na darubini. Bunduki iliporudi, ukingo wa darubini ulimpasua juu ya nyusi, damu ikashuka mpaka kwenye ndevu. Alijifuta kwa shemagi yake, kile kitambaa cha kichwani, akaendelea. Risasi ya pili ilipiga mchanga hatua nyingi mbele ya shabaha. Ya tatu haikujulikana ilikoenda. Ilipofika ya tano, bega lake lilikuwa limeinuka kuelekea sikioni hata kabla hajagusa kifyatulio.

"Darubini imepinda," alisema. "Protus, uliiwekaje kwenye gari?"

"Ilikuwa kwenye sanduku lake, baba. Mwalimu aijaribu."

Mwalimu aliilalia ile bunduki, akapiga risasi mbili. Zote zilikaa katikati ya shabaha, zimekaribiana. Alirudisha bunduki mezani na kwenda kusimama mbali, kama mtu asiyetaka kuwa shahidi.

Abu Faris alikwenda kunawa uso. Hapo ndipo Protus alipofanya jambo alilolijutia baadaye, ingawa hata leo hasemi lilikuwa baya. Alimsogelea Faris.

"Baba yako anashtuka kabla ya mlio," alimwambia kwa sauti ya chini. "Anaivuta bunduki chini kwa kuogopa teke lake. Hawezi kujua, kwa sababu mlio unaficha. Sisi kazini tulikuwa tunampa mtu bunduki tupu bila kumwambia. Akifyatua, haitoki kitu, na anaona mwenyewe mtutu ulivyoruka. Mfanyie hivyo. Lakini iwe wewe na yeye tu. Usimwaibishe."

Faris aliitika kwa kichwa. Baba aliporudi, kijana alifunga bunduki tupu kama aliyeijaza, akamkabidhi. Abu Faris alilenga, akavuta pumzi, akafyatua. Ulisikika mlio mmoja mdogo wa chuma. Mtutu ulishuka ghafla, macho yamefumbwa, bega limeruka, na mwili mzima umejikunja kama mtu aliyemwagiwa maji ya moto. Kwenye benchi la jirani kulikuwa na wanaume watatu, na wote waliona.

Abu Faris aliweka bunduki mezani. Alisema warudi nyumbani Jeddah siku ile ile.

Safari ile ni ya siku nzima. Abu Faris alipenda kwenda Riyadh kwa gari ili abebe sampuli za vigae kutoka kwenye ghala lake la Al-Sulay, na Protus aliijua barabara kama anavyoijua njia ya kwao Chwele. Walikula kilomita mia nne. Walikuwa wanakaribia kituo cha mafuta simu ya Abu Faris ilipoita. Alikuwa nduguye wa Jeddah, anacheka kiasi kwamba hata Protus alimsikia. Abu Faris alikata simu, akafungua ujumbe, na ndani ya gari ukasikika ule mlio mdogo wa chuma, halafu sauti ya Faris ikicheka nyuma ya kamera. Kijana alikuwa amerekodi. Alikuwa ameituma kwenye kundi la binamu zake, na binamu walikuwa wameisambaza kwa wajomba.

"Simamisha gari," Abu Faris alisema.

Protus aliegesha kando ya kituo. Abu Faris aligeuka nyuma alikokaa mwanawe.

"Ni wewe?"

"Ni Protus aliyeniambia," Faris alisema haraka. "Alisema nikupe bunduki tupu. Muulize mwenyewe."

Abu Faris akamgeukia dereva. Kidonda cha nyusi kilikuwa kimevimba. "Nimekulisha miaka minne," alisema. "Umekaa kwangu, umekula kwangu. Ukampa mwanangu akili ya kunifanya kikaragosi."

Protus alizima gari. Alijua kwamba neno moja linaweza kumpoteza. Kafili, yaani mwajiri anayemdhamini mgeni, akikasirika anaweza kuripoti kwamba mfanyakazi ametoroka, na kuanzia hapo mtu hana mahali pa kujieleza. Alilijua hilo vizuri, lakini hasira ikamshinda.

"Nilikuambia dukani," alisema. "Nikakuambia tukiwa wawili. Nikakuambia tena. Mara tatu, baba. Ulitaka nikuambie mara ngapi? Faris nilimwambia iwe siri yenu wawili. Simu ni yake, kicheko ni chake, sasa mwenye kosa ni dereva. Na hata hivyo sikuwa namwonea huruma mtu yeyote. Nilikuwa namfikiria yule mnyama. Ungempiga tumboni angekimbia msituni siku mbili na utumbo nje, kwa sababu muuzaji alikuambia kubwa ndiyo nzuri na wewe ukaona haya kusema bega linauma."

Hakuna aliyewahi kumwambia Abu Faris maneno kama hayo. Faris alishika mlango kama anayetaka kushuka. Lakini Protus alikuwa bado.

"Unajua kwa nini mimi si askari tena? Nilikuwa na rafiki. Jackton Wabwire. Tuliingia kazini siku moja. Nyati alikata kitanzi cha waya, kikabaki mguuni, akaingia mashamba ya watu, ameumia na amechachamaa. Tulikuwa na bunduki ya 458 ghalani, ya kazi hiyo hiyo. Ofisa wetu akakataa kuitoa kwa sababu ilikuwa Jumapili na mwenye kusaini hayupo. Akasema nendeni na za doria, risasi ni risasi. Tukaenda. Jackton alimpiga nyati risasi nne, na zote zilimpata. Zilipita kama sindano. Nyati alimjia mpaka alipokuwa, na mimi nilikuwa hatua kumi. Nilimwokota mwenyewe. Halafu ripoti ikaandikwa kwamba ni uzembe wa askari, na nikaletewa nisaini. Niliichana mbele ya yule ofisa. Ndiyo maana niko hapa nabeba chupa yako ya kahawa. Kwangu kaliba si mazungumzo ya dukani."

Faris aliachia mlango. Malori yalipita, moja, la pili. Abu Faris aligusa kidonda cha nyusi.

"Halas," alisema mwishowe. "Endesha."

Waliingia mtaa wao wa Al-Rawdah, Jeddah, jua likizama. Kabla Protus hajateremsha mizigo, Abu Faris alinyosha mkono, akachukua funguo. Alimwambia aende ghala la Al-Sulay kupakia vigae, kwa sababu nyumbani hapakuwa tena na kazi yake. Protus aliyaacha yote aliyoyazoea, akatoka na mfuko mmoja. Selipher, mwanamke wa Busia aliyepika katika nyumba ile, alimtolea chapati nne zilizofungwa kwa karatasi, mlangoni pa jikoni.

"Kaka Protus, umefanya nini?" aliuliza.

"Nimejibu swali," Protus alisema.

Alilala mtaa wa Kandara, hapo hapo Jeddah, kwenye chumba cha Wakenya wenzake, na asubuhi akapanda basi la Riyadh.

Kazi ya ghala ilikuwa ya kuinua. Boksi la vigae lina kilo thelathini na kitu, na lori moja linameza maboksi mia nane. Protus alikuwa na miaka arobaini na sita. Wiki ya kwanza mgongo ulimkatalia kuinama kufunga viatu. Alifanya kazi kwa hasira, na hasira hiyo ilimsaidia kwa njia fulani, kwa maana hakuwa na nafasi ya kujihurumia. Mkewe Celestine alipompigia simu kutoka Chwele alimwuliza kwa nini asiombe msamaha arudi kwenye usukani. Alimjibu kwamba angeomba msamaha kama angejua wa nini.

Mwanzoni mwa Novemba Selipher alimpigia.

"Mzee alirudi," alisema. "Alimwua yule mnyama wake. Juzi aliita wageni, wanaume kama kumi na watano. Nilikuwa napeleka chai na tende, na ndugu yake mmoja ananitafsiria kwa kunitania. Wanamsifu. Anawaambia alirudisha bunduki kubwa dukani kabla hajasafiri, akachukua 30-06 kwa akili yake mwenyewe. Anawaambia kubwa ni ya watu wasiojua."

"Sawa," Protus alisema. Hilo alilitarajia.

Selipher alishusha sauti. "Kuna lingine. Aliwaambia ana rafiki Afrika aliyeuawa na nyati kwa sababu ya bunduki ndogo. Ati alikuwa anawinda naye. Aliigiza mpaka nyati anavyokuja. Wageni wakasema wallahi, wallahi. Nilikumbuka uliniambia habari za Jackton."

Protus alikuwa amekaa juu ya rundo la mbao. Alisimama, akakaa tena. Alimwuliza Selipher kama walicheka.

"Mmoja alicheka," Selipher alisema. "Pale alipoigiza nyati."

Siku tatu Protus hakuongea na mtu ghalani zaidi ya inua na shusha. Kuibiwa ushauri kulikuwa jambo dogo. Yule mtu alikuwa amemchukua maiti wa mwenzake, akamtia kwenye sinia la tende, akawagawia wageni. Alipanga maneno kichwani, akayapangua. Nusu ya maneno hayo yangempeleka jela.

Wiki ya pili ya mwezi Abu Faris alikuja kukagua ghala. Alishuka kwenye gari lililoendeshwa na dereva mpya, na kwa mshangao wa wote akamwendea Protus moja kwa moja, anatabasamu, simu mkononi.

"Tazama," alisema. "Risasi moja. Alikwenda hatua arobaini akaanguka."

Protus alivua glavu, akaitazama picha. Musi alikuwa amelala kwenye majani mekundu, mkubwa, shingo yake nene kama gunia. Tundu la risasi lilikuwa pale pale, nyuma ya bega, theluthi moja kutoka chini. Hakuweza kulikataa.

"Umepiga vizuri," alisema. "Hakuteseka."

"Ulikuwa sawa," Abu Faris alisema kwa sauti ya kusikika na yeye peke yake. "Bega halikuuma hata kidogo."

"Hayo ungeyasema mbele ya wageni wako."

Tabasamu likaondoka. "Nani amekuambia ya wageni?"

"Wanaume kumi na watano hawana siri," Protus alisema. Jina la Selipher asingelitoa hata kwa kisu. "Mambo ya 30-06 chukua, ni yako. Jackton si wako. Hukuwa naye. Hujui hata alikuwa mrefu au mfupi. Ukitaka kusimulia kifo chake, sema anaitwa Jackton Wabwire, sema aliacha watoto watatu, sema aliuawa na uvivu wa mtu wa ofisini. Ukishindwa, funga mdomo juu yake."

Wapakiaji walikuwa wamesimama na maboksi mabegani. Hawakuelewa maneno, walielewa sauti.

"Ilikuwa hadithi tu," Abu Faris alisema.

"Alikuwa mtu."

Abu Faris alitazama simu yake, ambayo bado ilikuwa na picha. Alionekana mzee ghafla, na Protus aliona kwamba anaona aibu, na kwamba aibu hiyo haitamfanya asimame mbele ya ndugu zake kurekebisha neno hata moja. Hilo lilimkasirisha kuliko kama angemtukana.

"Unataka nini?" mzee aliuliza.

"Nataka karatasi ya uhamisho. Nitafute kazi kwingine. Sitaki kubaki kwenye jina lako."

"Nitafikiria."

"Fikiria leo."

Haikuwa leo. Ilichukua wiki saba, simu nyingi, na safari mbili za ofisini, lakini Abu Faris aliikubali ile karatasi, wala hakuripoti jambo lolote baya juu yake. Protus sasa anaendesha trela la saruji kutoka Riyadh kwenda Qassim, kwa mwenye kampuni anayemsikiliza na kumwachia barabara. Mgongo umepona kiasi.

Faris alimtumia ujumbe wa sauti mwezi uliopita. Alisema anajuta kwa ile video, kwamba alikuwa mtoto, kwamba babake siku hizi akiulizwa habari za nyati hubadilisha mazungumzo. Protus aliusikiliza wote akiwa amesimama kwenye foleni ya mizani, injini ikinguruma. Kijana wa miaka ishirini na minane si mtoto, alijisemea. Hakumjibu. Foleni ilipotembea, aliweka simu kwenye dashibodi, akaingiza gia.